Mlima na Injini ya Pili: Reli Nyembamba za Afrika Mashariki na Deni la Mwinuko

Msafiri aliyesimama Magugu au Mto wa Mbu akatazama upande wa machweo huuona ukuta wa Bonde la Ufa umeinuka mbele yake, mahali pengine kwa kimo cha mita 600 hivi juu ya Ziwa Manyara. Juu ya ukuta huo ndiko zilipo nyanda za Mbulu, nchi ya Wairaqw, ambao vitabu vya zamani huwaita Wambulu. Na kusini yake, ukiwa pweke katikati ya uwanda, umesimama Mlima Hanang wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Ni nchi ya ng'ombe, mahindi, maharagwe na ngano, wala haikukosa kitu cha kupeleka sokoni. Walakini tangu reli ya kwanza ya Tanganyika ilipoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 mpaka hivi leo, hakuna gari la moshi lililopata kuupanda ukuta ule. Reli iliyoukaribia zaidi, ile ya Tanga, ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, ikakomea hapo.

Si kwamba Bonde la Ufa halipandiki. Ufa huo mmoja, katika matawi yake, umevukwa na reli mahali kadhaa. Reli ya Uganda iliushuka kwenye mteremko wa Kikuyu, kisha ikaupanda tena upande wa pili katika milima ya Mau. Reli ya Kati, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, iliupanda karibu na Saranda, kabla ya Manyoni, mahali ambapo ukuta umepungua kimo. Mahali pote hapo pana historia ambayo haisomwi sana, kwa sababu wanaoandika habari za reli hupenda kutaja tarehe za kufika na majina ya magavana, wakaacha swali gumu zaidi: uzito ule ulipandaje? Jibu la swali hilo, kwa sehemu kubwa, ni habari ya injini ya pili. Nayo yafundisha jambo moja, ya kwamba mlima una deni lake, na deni hilo halisameheki. Mjenzi aweza kulilipa mara moja, kwa fedha nyingi, kwa kuchimba na kuzungusha njia hata mwinuko ukawa mpole. Au aweza kulikwepa siku ya ujenzi, ndipo watakaokuja baada yake walilipe kila siku kwa kuni, kwa saa na kwa jasho.

Yafaa kwanza kueleza deni lenyewe. Gurudumu la chuma likibiringika juu ya chuma halina ukaidi mwingi. Mahali tambarare, tani moja ya mzigo huvutwa kwa nguvu ya kilo nne hivi. Ndiyo sababu injini moja yaweza kuburuta mabehewa mengi ambayo barabarani yangehitaji kundi zima la malori. Lakini njia ikiinuka kwa 2 katika 100, yaani mita mbili kwa kila mita mia za mwendo, kila tani hudai kilo 20 zaidi. Basi mzigo wa tani 300, uliotosheka na nguvu ya kilo 1,200 uwandani, sasa hutaka kilo 7,200. Mwinuko ambao jicho la mwenda kwa miguu halitauona kuwa ni mlima hata kidogo umeizidisha kazi mara sita. Tena injini yenyewe ni mzigo: kabla haijainua behewa hata moja, lazima ijiinue yenyewe pamoja na maji na kuni zake.

Mtu angeweza kusema, basi na iundwe injini kubwa zaidi. Hapo ndipo reli nyembamba ilipofungwa mikono. Reli za Afrika Mashariki zilijengwa kwa upana wa mita moja, jambo lililosaidia kupunguza gharama. Kona zilikuwa kali, madaraja mepesi, na vyuma vya Reli ya Uganda vya siku za mwanzo vilikuwa na uzito wa ratili 50 tu kwa kila yadi. Injini haivuti kwa nguvu ya mvuke peke yake; huvuta kwa kuishika reli, na hushika kwa uzito unaokaa juu ya magurudumu yanayoendeshwa. Nguvu yake haiwezi kuzidi sana robo ya uzito huo. Ikizidi, magurudumu huteleza na kuzunguka mahali pamoja. Maadamu chuma na daraja havikuweza kubeba uzito zaidi kwa ekseli moja, nguvu ya injini ilikuwa na mpaka wake. Palipokuwa na mpaka huo, njia zilikuwa tatu: kupunguza mzigo, kulikata gari la moshi vipande viwili na kukipandisha kimoja kimoja, au kuita injini ya pili.

Injini ya pili hukaa mahali pawili. Yaweza kufungwa mbele, zote mbili zikavuta pamoja. Hapo dereva wa pili humwona mwenzake na kufuata mwendo wake kwa urahisi, lakini nguvu zote hupita katika kiungo kimoja baina ya injini na behewa la kwanza. Kiungo hicho kikikatika mlimani, mabehewa huanza kurudi nyuma, na uhai wa watu hutegemea breki na wepesi wa gadi. Au yaweza kuwekwa nyuma, ikasukuma. Hapo viungo hupumzika, na lolote likikatika pana mlinzi chini yake. Lakini madereva wawili hawaonani. Husemezana kwa filimbi, na kona ya mlima huweza kuimeza sauti. Wa mbele akisimama ghafula na wa nyuma akaendelea kusukuma, mabehewa ya katikati hubanwa kama mtu aliyekwama mlangoni, na kwenye kona kali hutoka relini. Kwa hiyo kazi ya kusukuma haikuwa kazi ya nguvu tu. Ilikuwa kazi ya sikio, ya kukadiria kwa mtikisiko wa chuma mwenzako anafanya nini mbali mbele yako.

Watu wa nje waliihesabu injini hiyo kuwa ni msaada, lakini wahasibu wa reli waliijua kuwa ni gharama. Kwani injini ya kusaidia hungoja chini ya mlima moto wake ukiwaka, maana mvuke hauitwi ukaja kwa dakika moja. Hula kuni ikiwa imesimama. Hupanda mara moja na mzigo, hufunguliwa kileleni, kisha hushuka tupu; na katika njia iliyo moja tu, kushuka kwake huzuia magari mengine kupanda. Hutaka dereva wake, mchochea moto wake, maji yake na mafundi wake. Nusu ya mwendo wake haina faida, na hasara hiyo hairudi kwa mwaka mmoja, bali hurudi kila siku maadamu mwinuko upo.

Wala si fedha tu iliyolipa. Mchochea moto wa mlimani hakuwa na mahali pa kupumzikia. Uwandani aliweza kutupa kuni au makaa, kisha akanyoosha mgongo. Mlimani moto ulidai bila kukoma, kwa kuwa mvuke ukipungua katikati ya mpando gari zima husimama, na kuliondoa tena mahali penye mwinuko ni shida kuliko kulileta pale. Kwa miaka mingi wakati wa ukoloni usukani wa injini hizo ulikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi, na koleo mikononi mwa Waafrika. Majina ya wenye koleo hayakuandikwa katika vitabu vya historia, ijapokuwa kila gunia la pamba na la kahawa lililovuka Mau lilivuka kwa migongo yao.

Jambo hili halikuwa la Afrika peke yake. Mfano unaojulikana sana ni ule wa milima ya Marekani, katika reli yenye upana wa futi tatu iliyojengwa mwaka 1880 baina ya Chama katika New Mexico na kipito cha Cumbres katika Colorado, chenye kimo cha futi 10,015. Njia ile ilijengwa upesi ili kuiwahi migodi, na mwinuko wake ni 4 katika 100, yaani kila tani hudai kilo 40 za nguvu kabla ya kuhesabu msuguano. Waliojenga walimaliza mapema, waliofuata walilipa. Injini mbili zilikuwa jambo la kawaida pale. Tena daraja la Lobato, lililo juu kidogo ya Chama, halikuruhusiwa kubeba injini mbili kubwa zilizofungwa pamoja. Kwa hiyo ama ya mbele ilitangulia kuvuka peke yake, ama ya pili iliwekwa mbali, nyuma ya mabehewa. Daraja jepesi na mwinuko mkali ni ndugu wawili: wote wazaliwa wa uchumi wa siku moja.

Tukirudi Afrika Mashariki, Reli ya Uganda ndiyo inayoonyesha hesabu hii kwa uwazi zaidi. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, chini ya mhandisi mkuu George Whitehouse. Vyuma vilifika Nairobi mwezi wa Mei 1899, na ziwani, mahali ambapo leo ni Kisumu, mwezi wa Desemba 1901. Bunge la Uingereza liliidhinisha paundi milioni 3 hivi. Gharama ikafika karibu milioni 5 na nusu. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Mteremko wa Kikuyu ulipofikiwa, kazi ya kudumu ilikuwa bado miaka miwili, nayo serikali ilikuwa na haraka. Basi pakawekwa njia ya muda, ya kamba. Mabehewa yaliwekwa juu ya majukwaa ya magurudumu yaliyotengenezwa ili behewa likae sawasawa ijapokuwa mteremko ni mkali, na katika sehemu mbili za kati mteremko ulikaribia 1 kwa 2. Behewa lililoshuka lilivuta kwa kamba lile lililopanda. Hivyo bonde lenyewe likafanywa injini ya pili, mzigo ukimsaidia mzigo, hata njia ya kudumu ilipokamilika mwaka 1901. Katika Mau, baina ya kilele na Fort Ternan, wahandisi walilazimika kusimamisha madaraja marefu ya chuma 27. Hata baada ya kazi hiyo yote, mwinuko wa 2 katika 100 ulibaki mahali pengi. Deni lililipwa nusu, na nusu likaachwa.

Wajerumani walipambana na mlima kwa njia yao katika Usambara ya Mashariki. Kutoka Tengeni, katika reli ya Tanga, walijenga mwanzoni mwa karne ya 20 kijireli chenye upana wa sentimeta 75 kwenda Sigi, ili kuteremsha mbao za misitu iliyo chini ya Amani. Mahali ambapo mlima haukuwa na nafasi ya kuzungusha njia, kijireli kilipanda kwa kwenda mbele na kurudi nyuma: gari liliingia katika njia fupi, likasimama, njia ikabadilishwa, likapanda kinyumenyume mpaka njia fupi ya pili. Hila hiyo huokoa fedha ya ujenzi, lakini huweka mpaka mwingine: gari haliwezi kuwa refu kuliko njia fupi inayolipokea. Kwa mbao za kampuni moja ilitosha. Kwa mavuno ya nchi nzima isingetosha.

Lililokuja kubadili mambo ni wazo la kuziunganisha injini mbili ziwe moja. Anatole Mallet, mhandisi mzaliwa wa Uswisi, alikuwa amekwisha kuunda injini yenye mafungu mawili ya magurudumu chini ya boila moja, nayo Reli ya Uganda ilinunua za aina hiyo karibu na Vita Kuu ya Kwanza, bila kupata faida iliyotarajiwa. Mwingereza Herbert William Garratt alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1907. Yeye alilitundika boila katikati, juu ya kiunzi kisicho na magurudumu chini yake, na mbele na nyuma akaweka mafungu mawili ya magurudumu, kila moja likiwa na silinda zake na likibeba maji au kuni. Uzito ulitandazwa juu ya ekseli nyingi, chuma chepesi kikauvumilia; kiunzi kilipinda kwenye kona kama kiwiliwili cha jongoo; na boila, kwa kuwa halikukaa juu ya magurudumu, liliweza kuwa nene. Injini za kwanza za namna hiyo zilikwenda Tasmania mwaka 1909, katika reli ya milimani yenye upana wa futi mbili. Kwa maneno mengine, Garratt hakuiondoa injini ya pili. Aliifunga pamoja na ya kwanza, akaipa moto mmoja na dereva mmoja, nayo haikushuka tena tupu.

Reli za Kenya na Uganda zilipokea injini hizo mwaka 1926, wakati ambapo njia mpya ya Uganda kupitia Eldoret ilikuwa imekwisha kuivuka Timboroa kwa kimo cha futi 9,136. Baada ya Vita Kuu ya Pili Reli za Tanganyika ziliunganishwa na za Kenya na Uganda, mwaka 1948, na shirika hilo jipya likaagiza kwa Beyer Peacock wa Manchester injini 34 za aina ya 59. Zilifika mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, ikachoma mafuta badala ya kuni, na ikaweza kuvuta tani 1,200 kutoka pwani kwenda Nairobi kwenye miinuko ya 1.5 katika 100. Hapajakuwa na injini za mvuke zenye nguvu kupita hizo katika reli ya upana wa mita moja popote duniani.

Injini hizo zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki: Kenya, Meru, Elgon, Rungwe, Oldeani, Lengai na mingineyo. Moja iliitwa Mount Hanang. Hapa ndipo historia inapofanya kejeli bila kukusudia. Jina la mlima wa Wabarabaig liliandikwa ubavuni mwa chombo kilichoundwa ili kuishinda milima, nacho kikazunguka na bidhaa za nchi nyingine. Lakini wenyeji wa Hanang waliotaka kuona gari la moshi iliwabidi kusafiri mbali. Jina lilipanda, nchi ikabaki.

Je, nchi hiyo ingeweza kupandwa? Hesabu ni nyepesi. Ili kupata mita 600 za kimo kwa mwinuko wa 2 katika 100, hutakiwa kilometa 30 za njia, na ukuta wa Manyara hauna upana wa kilometa 30. Una wa kilometa chache tu. Ingekuwa lazima kuambaa na ukuta kwa safari ndefu, kuchimba mashimo ya chini kwa chini, au kuukubali mwinuko mkali na kuweka injini ya kusukuma siku zote. Serikali ya kikoloni iliyoijenga reli ya Arusha kwa ajili ya kahawa na katani haikuona juu ya ukuta ule mzigo wa kulipia deni kubwa namna hiyo. Hata njia fupi ya kuunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati, kutoka Ruvu mpaka Mnyusi, katika nchi isiyo na milima ya kutisha, haikufunguliwa ila mwaka 1963, baada ya Uhuru.

Kwa hiyo deni la mlima lilihamishiwa barabarani. Mashamba makubwa ya ngano yalipofunguliwa katika uwanda wa Basotu kwa msaada wa Kanada kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Wabarabaig wakapoteza malisho yao bora, na ngano ikaondoka kwa malori. Lori nalo hulipa mwinuko. Tofauti ni kwamba hulipa kidogo kidogo, mafuta kwa mafuta na tairi kwa tairi, na anayelipa mwisho ni mkulima katika bei ya gunia lake. Utingo anayeruka chini na kabari mkononi kulizuia gurudumu la lori lililoshindwa kwenye mpando anafanya kazi ile ile ya injini ya nyuma, ila kwa mshahara mdogo zaidi.

Reli mpya za siku hizi zimeligeukia deni hili kwa mtindo mwingine. Njia pana ya Kenya iliyopanuliwa kutoka Nairobi kwenda Suswa na kufunguliwa mwaka 2019 haikupinda kuuzunguka mlima wa Ngong. Iliutoboa kwa shimo la kilometa nne na nusu. Tanzania, iliyoanza kuendesha magari ya umeme kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma mwaka 2024, hutumia pia magari ambayo mota zake zimegawanywa katika mabehewa mbalimbali, hata injini ya pili imekuwa haionekani tena. Yaonekana basi kwamba mlima umelipwa mara moja. Lakini shimo la Ngong lilijengwa kwa mkopo kutoka China, na mkopo nao una siku zake za kulipwa. Zamani deni lilikuwa katika koleo la mchochea moto. Sasa limo katika vitabu vya hazina. Swali la kumwuliza kila mjenzi wa reli limebaki lile lile: ni nani atakayelipa mwinuko huu, na kwa muda gani?

Aina ya 59 ziliondolewa kazini katika miaka ya 1970 hadi 1980, dizeli ikashika nafasi yake, na shirika lenyewe likavunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Kati ya zile 34 zimesalia mbili, zote Nairobi: Mount Gelai na Mount Shengena. Yote miwili ni milima ya Tanzania. Shengena, kilele cha Upare, huitazama reli ya Moshi kutoka juu. Injini ya Mount Hanang ilikatwa vipande ikauzwa kwa uzito wa chuma chake. Mlima wenyewe ungalipo, na malori yangali yakipanda Mbulu kwa gia ya kwanza.